Bibi alikuwa na kadi ya TANU mwaka 1957, kura akaja kuipata baadaye. Tuongee kidogo kuhusu wanawake wa kusini na kura

#1 Binti Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamkasirikia.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaezua makuti nyumbani kwa bibi tuweke bati. Ikabidi kila kitu kitoke nje, likiwemo lile sanduku la chuma ambalo tangu nakua hatukuruhusiwa kuligusa. Siku hiyo akaruhusu, maana wingu lilikuwa limeshatanda. Ndani mlikuwa na kanga mbili zilizoliwa na mende, talaka ya shangazi (hiyo tuliirudisha haraka), na kadi ya TANU ya mwaka 1957. Jina lake limeandikwa kwa wino wa bluu, herufi moja imekosewa.

Kwa ujuaji wangu nikamuuliza, kumbe bibi na wewe ulipiga ile kura tatu? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kura zile zilikuwa za wenye mishahara na wenye kusoma, yeye alikuwa na jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Shuleni tulifundishwa kura tatu kwa mistari miwili, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Kwa waliosahau kama mimi: uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Baraza lenyewe lilikuwepo tangu 1926, wajumbe wakiteuliwa na gavana. Ili uandikishwe kupiga kura ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umefika darasa la nane, au uwe na cheo kama uchifu. Ukishapita hapo unapewa karatasi na unalazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja, Mzungu mmoja. Ukimchagua wako peke yake, kura imeharibika.

Sasa mweke mwanamke wa Mikindani, wa Newala, wa Ruangwa kwenye masharti hayo. Shilingi 3,000 azitoe wapi? Darasa la nane alisome wapi, wakati mtoto wa kike akitoka unyagoni anasubiri posa? Labda mwalimu mmoja mmoja wa misheni kule Masasi na Ndanda. Waliobaki walikuwa nje ya mlango.

Na hapo ndipo kadi ya bibi iliponichanganya. Mtu ambaye sheria inamwambia huhesabiki anatoa senti zake za nazi kununua kadi ya chama, anaificha sandukuni mumewe asiione, na anakwenda kumshawishi jirani naye anunue. Kwa faida gani? Uchaguzi wenyewe hatapiga.

Nikaanza kusoma. TANU ilianzishwa 7 Julai 1954 na wanaume. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wenu wako wapi. Wazee wakatazamana. Ndipo Schneider Plantan akaenda kumtafuta Bibi Titi Mohamed, kijana wa miaka 29 hivi, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar. Mmatumbi huyo, jamani, asili yake ni milima yetu ya juu ya Kilwa. Elimu yake ilikuwa darasa chache tu. Alichokuwa nacho ni sauti, na kujua nyumba za wanawake wenzake zilipo. Hakuanza na mikutano ya hadhara. Alipita kwa viongozi wa vikundi vya lelemama, ile ngoma ya kina mama, mmoja mmoja, kwa sababu ukimpata kiongozi wa ngoma umepata ngoma nzima na sare zake. Ndani ya miezi michache wanawake wenye kadi walikuwa maelfu.

Bibi anasema kwao ilikuwa hivyohivyo. Habari haikuja kwa gazeti. Ilikuja kwa somo yake aliyekuwa amekwenda harusini Lindi.

Matokeo ya 1958 na 59 yaliingiza wanawake watatu barazani kwa kura: Sophia Mustafa, Lady Marion Chesham na Barbro Johansson, mwalimu mmisionari kutoka Sweden. Mhindi mmoja na Wazungu wawili, wote wakiungwa mkono na TANU. Sina neno baya juu yao, walisimama upande wetu. Lakini mnaona ilivyokuwa: waliojaza viwanja vya mikutano hawakuwa wapigaji wala wapigiwa. Mwaka 1960 masharti yakalegezwa na Bibi Titi akaingia bungeni kwa jimbo la Rufiji. Uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 ukawa wa kila mtu mzima, kuanzia miaka 21. Huo ndio bibi yangu alipiga kura yake ya kwanza. Miaka mitano baada ya kadi.

Nimeleta haya kwa sababu ya jambo dogo lililotokea kijijini kwetu kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Nilikwenda na wanawake sita tunaobangua nao korosho. Wanne wakarudishwa. Walikuwa na kadi za mpiga kura mikononi, wanazionyesha, wanalalamika. Hawakujua kwamba uchaguzi ule hauendi kwa kadi ile. Una orodha yake ya kitongoji, na uandikishaji wake ulifanyika 11 hadi 20 Oktoba palepale kijijini. Daftari la kudumu ni la rais, mbunge na diwani. Hili la mwenyekiti wa kijiji, kitongoji na wajumbe lipo chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, na linaandikisha upya. Mmoja wao alilia. Ana shauri la mikorosho ya marehemu mumewe linalozunguka kijijini mwaka wa pili.

Tafadhali changieni, hasa kina mama wa huku kwetu.

#2 Mzee wa Ming'oko

Mjukuu, umenikumbusha mbali. Nilikuwa mtoto 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma asihangaike. Mama yangu hakujua hata kuandika jina lake lakini jembe alilijua kuliko bwana kilimo.

Kampeni ilikuwa raha. Wa jembe wanasema, jembe ndilo linalokulisha. Wa nyumba wanajibu, na ukishalima utalala juu ya mpini? Wanawake ndio waliokuwa wanatunga haya na kuyaimba, wanaume tulikuwa tunaitikia tu.

Ila umeishia pazuri mno kwa Bibi Titi. Malizia. Uchaguzi huohuo wa 1965 alishindwa kiti chake. Baada ya Azimio la Arusha 1967 akajiuzulu uongozi wa chama, kwa sababu masharti yalikataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha naye alikuwa nazo. 1969 akakamatwa, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha. Akaachiwa kwa msamaha 1972. Alifariki Novemba 2000. Siku hizi kuna barabara Dar ina jina lake, magari yanapita, ukiwauliza abiria Bibi Titi ni nani wanakuambia ni kituo.

#3 DogoLigula

Dada uzi mzuri, ila samahani, nitakuwa mkweli.

Mimi nilikuwa kidato cha pili Mei 2013, wakati wa vurugu za gesi, watu wakipinga bomba la kuipeleka Dar. Nakumbuka wanajeshi mtaani na mama anatulaza chini ya kitanda. Tukaambiwa hasira zenu zipelekeni kwenye sanduku la kura. Tukazipeleka. 2015 Mtwara Mjini ilikwenda upinzani, CUF, Tandahimba ikaenda CUF. Bomba likaenda Dar vilevile. 2018 korosho zikaja kununuliwa na serikali, jeshi likazisomba, kuna wazee walikaa miezi wakisubiri ile 3,300 kwa kilo. 2025 sina haja ya kusimulia: chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi, tarehe 29 Oktoba watu wakafa mitaani, intaneti ikazimwa. Halafu uniambie nikapange foleni kwa heshima ya bibi? Bibi namheshimu. Foleni sipangi.

#4 Mama Wawili Masasi

DogoLigula mwanangu, nakusikia, na hakuna mama hapa asiyekuelewa. Mimi niongeze jingine ambalo kwenye semina halisemwi.

Nimewahi kuwa karani mwongozaji kituoni, yule anayekuonyesha chumba na kukupanga kwenye mstari. Kituo kinafunguliwa saa moja asubuhi. Saa hiyo mstari wote ni wanaume na vikongwe. Wanawake wanaanza kuonekana saa nne, saa tano, wameshachota maji, wameshapika. Na uchaguzi mkuu wetu ni Oktoba! Nani kati yenu alikulia kwenye mikorosho asiyejua Oktoba ni nini? Watu wamehamia mashambani, wanalala vibandani wanaokota, shamba liko mbali na kituo alichojiandikishia. Mwanamume anapanda bodaboda anakwenda kupiga kura anarudi. Mama anabaki kulinda korosho zisiende kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo. Halafu wanasema wanawake wa kusini hawana mwamko.

La pili ni mikopo ya kausha damu. Wenyewe mnajua. Mama lishe anataka laki moja ya mtaji, mkopeshaji anamwambia leta kadi ya benki. Hana. Basi leta kadi ya mpiga kura. Anaitoa. Siku ya uchaguzi kadi iko kwenye droo ya mtu pamoja na kadi za wenzake thelathini, zimefungwa kwa mpira. Nimewaona kwa macho yangu wakija kituoni mikono mitupu.

Hawa nilikuwa nawaambia, na sasa nawaambia na ninyi: kama jina lako lipo kwenye daftari na kadi haipo, Tume imekuwa ikiruhusu kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane. Wengi wanageukia getini kwa kutojua. Mjamzito, anayenyonyesha, mzee na mlemavu hawapangi foleni, wanapitishwa mbele. Asiyeona anapewa jalada la nukta nundu apige mwenyewe bila kushikwa mkono. Na ukiwa umeshafika kwenye mstari saa kumi jioni inapogonga, wewe unahesabika umewahi, usikubali kuondoshwa.

#5 Kangomba Mstaafu

Hahaha mama, lakini tuseme ukweli, wanawake wengi si wanapiga anavyosema mzee wa nyumba? Sasa kura mbili za nini, si apige mmoja tu tuokoe wino.

#6 Mama Wawili Masasi

Kangomba, ndani ya kile kibanda cha kadibodi mzee wa nyumba haingii. Nimekaa kituoni siku nzima, nimewaona wanaotoka wakitabasamu wenyewe. Nenda kanunue salfa ya mikorosho.

#7 Mwalimu Nachingwea

Hoja ya Kangomba ni ya zamani, ilisemwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani kabla hajaisema yeye kwa Kimwera. Nisaidie kidogo kwa upande wa dunia, maana vijana wanadhani hii haki ilitoka Ulaya ikiwa imeiva.

New Zealand ndiyo nchi ya kwanza inayojitawala kuwapa wanawake wote kura, Septemba 1893, baada ya Kate Sheppard na wenzake kuzunguka na hati ya maombi yenye saini za maelfu ya wanawake. Uingereza walifungwa, wakagoma kula gerezani, wakalishwa kwa mipira ya puani, ndipo 1918 wakapewa wenye miaka 30 na zaidi kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja 1928. Ona hapo: aliyetuletea sharti la pauni 150 alikuwa ameshawawekea wanawake wa kwao sharti la mali miaka 40 nyuma. Alikuwa anaijua kazi yake.

Marekani katiba ilibadilishwa 1920. Lakini mwanamke mweusi wa majimbo ya kusini aliendelea kuzuiwa kwa mitihani ya kusoma na kodi za kupigia kura mpaka sheria ya 1965. Mwaka huohuo ambao mama yake Mzee wa Ming'oko alikuwa anachagua kati ya jembe na nyumba bila kuulizwa kama anajua kusoma.

Uswisi ndiyo inayonichekesha. Kura ya taifa waliwapa wanawake 1971. Bibi Titi alikuwa ameshaingia bungeni, ameshatoka, na yuko gerezani, wanawake wa Uswisi ndiyo kwanza wanaandikishwa.

Na jirani zetu Zanzibar: uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa wanaume tu. Wanawake walipiga kwa mara ya kwanza Januari 1961.

#8 Binti Mikindani

Asanteni wote. Mama Wawili, hilo la kadi kwenye droo lingetakiwa liwe uzi wake. Mzee shikamoo, na la Bibi Titi nimelipokea, niliogopa uzi utakuwa mrefu mno.

DogoLigula, sina jibu la kukuridhisha na sitajifanya ninalo. Yaliyotokea 2025 yametokea, na mtu aliyezika hawezi kuambiwa na mtu wa mtandaoni aende akapange foleni. Nitakuambia tu kilichonizuia mimi usingizi nikisoma.

Swali lako wenzetu waliwahi kuulizana. Januari 1958, Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulikaa kujadili: ile kura tatu ni tusi, inawapa wachache viti sawa na sisi wengi, tuingie au tususie? Waliotaka kususia hawakuwa wajinga wala waoga, hoja yao ilikuwa na uzito. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha African National Congress, na 1962 akasimama dhidi ya Nyerere kwenye urais, akashindwa vibaya. Sasa vitabu vinaandika kwamba uamuzi wa Tabora ulikuwa wa busara. Ndiyo, lakini ulikuwa wa busara kwa sababu gani?

Nadhani ni kwa sababu ya kina bibi. Kura ile mbovu ilikuta watu wameshajipanga miaka mitatu. Karani mwenye darasa la nane aliyeruhusiwa kupiga kura alikuwa na mama mwenye kadi, mke mwenye kadi, shangazi anayemwimba ngomani akikosea. Wapiga kura walikuwa wachache, lakini kila mmoja alikuwa anaangaliwa na wanawake ishirini wasio na kura. Karatasi ile mkoloni aliitunga ili wengi wasihesabike, wao wakapenya kwa mlango wa jikoni.

Kwa hiyo mimi sikulazimishi foleni ya Oktoba. Nakuuliza kuhusu kijiji. Baraza la ardhi la kijiji kwa sheria ya 1999 lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji, robo wanawake. Kwetu kwenye lile baraza wanawake walikuwa watatu kwenye karatasi. Mmoja amehamia Dar, mmoja hajawahi kuitwa kikao hata mara moja. Shauri la yule mjane likasikilizwa na wanaume wanne na mama mmoja aliyekuwa anaogopa kusema kwa sababu mlalamikiwa ni mwenye nyumba wake. Wajumbe wale wanapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani mimi na wewe na kila mwenye miaka 18. Mara ya mwisho kwenye mkutano ule tulikuwa watu wangapi? Hata mwembe mmoja ulitutosha kivuli.

Sisi Wamakonde tunajisifu kwamba ukoo ulikwenda kwa mama, mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Sawa. Nenda kwenye chama cha msingi cha ushirika uangalie kitabu cha wanachama, mikorosho imeandikwa jina la nani.

#9 DogoLigula

Hapo kwenye mikorosho umenigusa. Ya kwetu ni ya mama, aliipanda yeye na bibi, lakini ghalani inaingia kwa jina la baba mdogo, na malipo yanapita kwake. Nikimuuliza mama anasema acha tu.

Foleni ya Oktoba bado sipangi. Ila mkutano wa kijiji nikiwa likizo nitakwenda, nione huyo mwenyekiti anavyosoma mapato na matumizi. Hatujawahi kusomewa tangu nimezaliwa.

#10 Mama Wawili Masasi

Mwende wengi. Akiona sura tatu anaahirisha anasema akidi haijatimia. Na mama yako mwende naye, usimwakilishe.

Wanaoishi mijini, ninyi ni mtaa badala ya kitongoji, orodha ya kuandikishwa inabandikwa ofisi ya mtaa au mahali pa matangazo. Itazameni jina likiwa bado linarekebishika, msingoje asubuhi ya uchaguzi. Jina likikosewa herufi kama la bibi yake Binti Mikindani, kuna siku maalumu za kuweka pingamizi na kusahihisha, na ni chache. Kwa ule uchaguzi wa miaka mitano mitano, unaofuata ni 2029. Pikeni mihogo, mna muda.

#11 Kangomba Mstaafu

Sawa sawa nimenunua salfa. Naomba kuuliza la maana sasa: bibi 1965 alipiga jembe au nyumba?

#12 Binti Mikindani

Nimetoka kumuuliza sasa hivi, yuko barazani anachambua ming'oko.

Nyumba. Anasema jembe alilipenda, lakini mpiga debe wa jembe pale kijijini alikuwa na deni la nazi za mama yake, mia mbili na kitu, na alikuwa anapita na ngoma mlangoni kwao bila hata kusalimia.